Jinsi ya kutafuta njia yako mwenyewe ya kutuliza akili na kupunguza stresi

Ukimwambia mtu yeyote kwamba una stresi atakupa dawa palepale. Mmoja atakwambia nenda kakimbie, mwingine sali, mwingine weka mziki, mwingine lala tu utaamka sawa. Na wote wanasema kweli, kwa sababu kwao ilifanya kazi. Tatizo linakuja pale unapochukua dawa ya mtu, unaitumia kwa bidii zote, alafu unakuta kichwa bado kinazunguka vilevile, na sasa juu ya ile stresi ya mwanzo umeongeza wasiwasi kwamba labda wewe ndo una kasoro, mbona wenzako wanatulia. Huna kasoro. Umevaa tu kiatu kilichopimwa kwa mguu wa mwingine.

Kwahiyo hapa sikupi orodha ya vitu vya kufanya uvifanye vyote. Nataka nikuonyeshe namna ya kutafuta vyako, unajaribu, unaangalia, unaacha vingine, mpaka ubaki na viwili vitatu ambavyo unajua kabisa vinakufaa. Na kuna kanuni moja nitairudia sana: usipime kitu kwa unavyojisikia wakati unakifanya, pima kwa unavyojisikia saa moja baadae. Vitu vingi tunavyokimbilia vinatupa nafuu ya haraka na baadae vinatudai, na vingine kuanza ni kazi lakini vikiisha unakuta mabega yameshuka yenyewe na unaongea na watu vizuri.

Hatua ya 1: jua stresi yako inakupiga wapi

Mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, mwaka 1915 alieleza jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia ukihisi hatari. Tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini kwenye damu, moyo unaenda mbio, pumzi inakuwa fupi, damu inakimbilia kwenye misuli mikubwa, tumbo linapunguza kazi yake. Hatari ikiendelea inafuata homoni nyingine, kortizoli, ambayo inahakikisha kuna sukari ya kutosha kwenye damu ili nguvu zisiishe. Alafu mwaka 1936 mtafiti Hans Selye, akiwa Montreal, Canada, akachapisha kitu cha ajabu kidogo: panya aliowapa shida za aina tofauti kabisa, baridi kali, majeraha, sumu, miili yao ilibadilika kwa namna ileile. Yani mwili una mfumo mmoja wa dharura na unautumia kwa kila kitu, hata kwa meseji ya bosi saa nne usiku. Huo mfumo ni mzuri sana kwa hatari inayoisha haraka, ila deni, ndoa yenye ugomvi, mgonjwa ndani ya nyumba, hivi vinakaa miezi, na mwili unabaki umewashwa muda wote.

Mfumo ni mmoja lakini unavyojitokeza kwa kila mtu ni tofauti, na hapa ndo pa kuanzia. Kwa ninavyoona mimi watu wanagawanyika hivi, japo wengi wana mchanganyiko:

Kuna wa mwilini. Shingo imekaza, kichwa kinauma upande mmoja, tumbo linasokota, taya zimebana mpaka asubuhi meno yanauma. Huyu ukimuuliza ana mawazo gani anaweza kukwambia sina, ila mwili wake unasema mengine.

Kuna wa kichwani. Mwili uko kitandani, akili inapiga mahesabu, ningesema hivi, kesho akiniuliza nitajibu nini, na je nikikosa. Mawazo yanazunguka palepale na hayafiki popote.

Kuna wa hasira. Vitu vidogo vinamlipua, mtoto kadondosha kijiko anafokewa kama kachoma nyumba, alafu baadae roho inamsuta.

Na kuna wa ganzi. Huyu hana hasira wala hana mbio, amechoka tu, hana hamu na kitu, anaangalia ukuta, kazi ndogo ya dakika kumi anaiahirisha wiki nzima.

Sasa fanya hivi: kwa wiki moja, kila jioni andika mistari miwili tu, kwenye daftari au kwenye simu. Mstari wa kwanza, leo nilibanwa saa ngapi na kwa ajili ya nini. Wa pili, niliisikia wapi, mwilini, kichwani, kwenye hasira au kwenye ganzi. Usiandike insha, mistari miwili inatosha. Ukifika mwisho wa wiki utaona kuna saa flani zinajirudia na kuna mtu flani au jambo flani linajirudia, na hiyo peke yake ni habari kubwa kwa sababu wengi wetu tunasema tu nina stresi bila kujua inaingilia mlango gani.

Hatua ya 2: kabla hujaongeza kitu, punguza kinachochochea

Hii naipitia haraka kwa sababu mengi unayajua, lakini usiiruke.

Kafeini. Kwa mtu mzima wa kawaida inachukua kama saa 5 nusu yake kuisha mwilini, wengine zaidi. Kwahiyo kahawa ya saa 10 jioni, ikifika saa 3 usiku nusu yake bado inazunguka kwenye damu, na dalili zake, moyo kudunda, mikono kutetemeka, ni zilezile za wasiwasi. Watu wengine wanadhani wana wasiwasi kumbe wana vikombe vinne. Punguza taratibu tu, ukikata ghafla kichwa kitakuuma siku mbili tatu.

Pombe. Inasinzisha kweli, ila inavuruga usingizi wa nusu ya pili ya usiku, ndo maana unashtuka saa tisa macho kodo. Hii inafeli vibaya kwenye ile kanuni yetu ya saa moja baadae, na zaidi kesho yake asubuhi.

Usingizi. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7. Kama unalala 5 kila siku hakuna pumzi wala mziki utakaoziba hilo pengo, anza hapo kwanza.

Na kitu cha mwisho ambacho naona hakisemwi vya kutosha: kuna stresi ambayo dawa yake sio kupumzika bali ni kufanya jambo. Kama unachokosea usingizi ni barua ambayo hujaijibu au deni ambalo hujampigia simu mwenye nalo, basi simu ya dakika tano itakutuliza kuliko wiki nzima ya mazoezi. Pitia yale uliyoandika, toa yale yanayoweza kumalizwa kwa hatua moja, yamalize au yapangie siku. Yatakayobaki, yale ambayo huna uwezo nayo au yanachukua muda mrefu, hayo ndo ya kutafutia utulivu.

Hatua ya 3: jifunze kitu kimoja cha dharura

Hiki ni kwa ajili ya zile dakika ambazo umeshabanwa, huwezi kwenda popote, uko kwenye kikao au kwenye foleni au umeshikwa na simu ya mtu asiyemaliza kuongea. Kwa wengi kitu hicho ni pumzi, na kuna sababu. Moyo unaongeza kasi kidogo ukivuta pumzi na unapunguza ukitoa. Unaweza kuthibitisha sasa hivi, weka vidole viwili kwenye mshipa wa mkono karibu na kifundo, vuta pumzi taratibu, toa taratibu, sikiliza. Kuna neva ndefu inaitwa vagasi inatoka kwenye shina la ubongo inashuka mpaka kwenye moyo na tumbo, hiyo ndo breki ya mwili, na inafanya kazi zaidi unapotoa pumzi. Kwahiyo siri sio kuvuta pumzi ndefu kama wengi wanavyoambiana, siri ni kutoa kwa muda mrefu kuliko ulivyovuta.

Namna ya kufanya: vuta kwa pua, ukikaribia kujaa vuta tena kidogo juu yake, alafu toa kwa mdomo taratibu kabisa mpaka iishe. Rudia kwa dakika moja au mbili. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo ya watu waliofanya hivi dakika 5 kwa siku kwa mwezi mmoja, na hisia zao zilikuwa nzuri zaidi kuliko za waliokaa kufanya meditesheni kwa muda uleule. Ukisikia kizunguzungu unavuta kwa nguvu mno, punguza, rudi kwenye pumzi ya kawaida.

Lakini kuna watu ambao wakianza kufuatilia pumzi yao ndo wanazidi kuogopa, wanahisi kama haitoshi. Ukiwa mmoja wao usijilazimishe hata kidogo. Tafuta kitu cha nje ya mwili: taja kimoyomoyo vitu vitano unavyoviona, kisha sauti nne unazozisikia, kisha vitu vitatu unavyovigusa. Au nawa uso kwa maji ya baridi, ubaridi usoni unapunguza mapigo ya moyo (kama una ugonjwa wa moyo muulize daktari wako kwanza). Au kanyaga chini kwa nguvu ukisikia nyayo. Chagua kimoja, na kifanyie mazoezi siku ambazo uko sawa, kwa sababu kitu ambacho hujawahi kukifanya ukiwa umetulia hutakikumbuka ukiwa umewaka.

Hatua ya 4: jaribu kulingana na stresi yako, kimoja kimoja

Hapa ndo penye kazi. Kosa ambalo ni rahisi kufanya ni kuanza vitu vitano Jumatatu moja, ikifika Alhamisi hujui kipi kimekusaidia na kipi kimekuchosha, unaacha vyote. Chukua kimoja, kipe wiki, kisha kingine.

Kama yako inakaa mwilini, anza na misuli. Kuna njia ya daktari mmoja wa Chicago, Edmund Jacobson, aliyoiandika mwaka 1929, na mpaka leo inatumika hospitalini. Unalala au unakaa, unaanza na mikono: kaza ngumi sekunde 5 mpaka 7, usikie kabisa ilivyobana, kisha achia ghafla na ukae sekunde 20 ukisikiliza tofauti. Unapanda kwenye mikono ya juu, mabega (yapandishe mpaka karibu na masikio), uso, taya, tumbo, mapaja, miguu. Sehemu yenye jeraha au maumivu iruke. Dakika kumi na tano zinatosha. Kinachosaidia hapa ni kwamba watu wengi hawajui kama wamekaza, wamezoea, na ukikaza makusudi alafu ukaachia ndo mwili unakumbuka kuachia kukoje. Ukifanya wiki mbili hivi utaanza kujikamata mchana mabega yako juu, unayashusha hapohapo bila mtu kujua.

Cha pili kwa hawa ni kutembea. Sio lazima mazoezi ya kutoa jasho. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za kujishughulisha kwa nguvu ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kunahesabika. Gawa unavyotaka, dakika 20 kila siku zinakaribia pale. Ukiweza pita penye miti. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich aliangalia rekodi za wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa nyongo kwenye hospitali moja ya Pennsylvania, waliolazwa kwenye dirisha linaloangalia miti waliruhusiwa mapema na walihitaji dawa kali za maumivu chache kuliko walioangalia ukuta wa matofali. Na hao walikuwa wanaangalia tu.

Kama yako inakaa kichwani, kukaa kimya kunaweza kuwa kubaya kwako, na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu ushauri wa kwanza ambao kila mtu anautoa ni kaa kimya ufumbe macho. Mimi binafsi nikikaa kimya nimefumba macho mawazo ndo yanaongezeka sauti, nikitembea yanapungua. Kumbe ni jambo linalojulikana, tangu miaka ya 1980 wataalamu wameandika kuhusu watu ambao wakianza mazoezi ya kutulia wasiwasi unapanda badala ya kushuka. Kwa watu wa aina hii kitu kizuri ni kutoa mawazo kichwani na kuyaweka mahali.

Kabla ya kulala chukua dakika tano andika unayotakiwa kufanya kesho na siku zinazofuata. Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, walifanya utafiti uliotoka mwaka 2018, vijana 57 walilala maabara, nusu wakaandika mambo wanayotakiwa kufanya, nusu wakaandika waliyokwisha kufanya. Wale wa kwanza walipata usingizi kama dakika 9 mapema, na waliochambua zaidi, kitu kwa kitu, walilala haraka zaidi. Kwahiyo usiandike "kazi", andika "kumpigia fundi saa tatu kuhusu mlango".

Kama kinachozunguka ni kidonda cha zamani au jambo zito, kuna uandishi wa aina nyingine. Mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker mwaka 1986 aliwapa wanafunzi wa chuo dakika 15 kwa siku nne mfululizo waandike jambo lililowaumiza sana maishani, bila kujali sarufi, bila kuonyesha mtu. Sikiliza kilichotokea: mara baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi. Lakini miezi iliyofuata walienda kliniki ya chuo mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Unaona kwanini nasema pima baadae? Mtu angepima palepale angesema haifai akachana karatasi. Ila pia weka mpaka, kama jambo ni la juzi tu na bado linavuja damu, au ukiandika unazama usiweze kurudi, acha, hilo ni la kuongea na mtu mwenye utaalamu.

Na wapo ambao kinachowatuliza kichwa ni kurudia neno. Daktari Herbert Benson wa Harvard, miaka ya 1970, alionyesha kwamba mtu akikaa mahali patulivu akarudia neno moja au sentensi fupi ya sala kila anapotoa pumzi, na wazo likija akaliacha lipite akarudi kwenye neno, pumzi na mapigo ya moyo vinashuka. Kwahiyo kama wewe ni mtu wa kusali, hiyo sala yako tayari ni njia, ifanye taratibu tu, usiikimbize kama unamaliza zamu.

Kama yako ni hasira, tafadhali usifuate ule ushauri wa kupiga mto au kupiga kelele ili "uitoe". Mtafiti Brad Bushman alilijaribu hili mwaka 2002, aliwaudhi watu makusudi, kundi moja likapiga begi la ngumi huku likimfikiria aliyewaudhi, kundi lingine likakaa tu bila kufanya kitu. Waliopiga begi huku wanamfikiria ndo waliobaki na hasira kubwa na ukali mwingi, waliokaa tu walikuwa na nafuu. Ukipiga unajisikia vizuri wakati unapiga, ndo shida yenyewe, ni raha inayofundisha mwili kuwaka. Kinachofaa hasira ni kitu cha kushusha: toka kwenye chumba, sema "narudi baada ya dakika ishirini" na kweli urudi, nawa, tembea polepole huku unahesabu hatua, sio huku unapanga majibu. Na kuongea na rafiki kunasaidia kama rafiki atakusaidia kuona upande mwingine, ila kama kila mkiongea mnakoleza tu kuni, utatoka hapo umewaka kuliko ulivyoingia.

Kama yako ni ganzi, basi kupumzika zaidi huenda ndo kunakuzamisha. Wewe unahitaji kitu kidogo chenye mwisho unaoonekana, hasa cha mikono: kushona, kuchora, kupanda kitu kwenye kopo, kutengeneza kilichoharibika, kupanga droo moja, droo moja tu. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Drexel, Philadelphia, kilichapisha utafiti ambapo watu wazima 39 walikaa dakika 45 wakichora, kufinyanga udongo na kubandika picha, na karibu robo tatu yao kortizoli ilishuka, na haikujalisha kama mtu anajua kuchora au hajui. Mimi nawapenda pia ile robo iliyobaki, ambao haikushuka. Wao wangeambiwa "kuchora kunatuliza kila mtu" wangejiona wana shida. Hawana shida, kuchora tu sio kwao.

Kwa mtu wa ganzi watu nao ni dawa, lakini chagua yule ambaye ukitoka kwake unakuwa mwepesi, na kutana naye mkifanya kitu, kutembea, kupika, kubeba mizigo, kuliko kukaa mnaangaliana ukitakiwa kueleza unajisikiaje wakati wewe mwenyewe hujui.

Hatua ya 5: pima, alafu amini ulichopima

Kila ukijaribu kitu jipe alama kuanzia 0 mpaka 10, sifuri ni umetulia kabisa, kumi ni umebanwa kupita kiasi. Jipe alama kabla ya kuanza, ukimaliza, na saa moja baadae. Namba tatu. Usihukumu kwa mara ya kwanza, mara ya kwanza unakuwa unajifunza tu mikono inakaa wapi. Mpaka umefanya mara nne au tano utaanza kuona mwelekeo.

Jaribu hivyohivyo na simu. Chukua nusu saa ya kupitisha kidole kwenye video fupi, jipe alama zako tatu. Watu wengi watakuta alama inashuka wakati wanaangalia na saa moja baadae imerudi palepale au imepanda, kwa sababu kichwa kilipewa ganzi, hakikupumzishwa, na muda umeliwa. Lakini inawezekana wewe ukakuta video za mtu anayetengeneza saa za zamani zinakutuliza kweli na saa moja baadae bado uko sawa. Basi zako ni hizo, usiache kwa sababu mtu amesema simu ni mbaya. Daftari lako lina haki kuliko mimi.

Kama kitu kila mtu anakisifia na wewe namba zako zinasema hapana, achana nacho bila kujieleza kwa mtu. Na kama namba zinasema ndio kwa kitu ambacho unaona aibu, kukunja nguo, kusikiliza mvua iliyorekodiwa, kuimba peke yako bafuni, kiweke kwenye orodha.

Kuna kitu kingine cha kuangalia wakati unapima. Mwanasaikolojia wa Ujerumani Sabine Sonnentag na mwenzake Charlotte Fritz, mwaka 2007, walitenganisha mambo manne yanayomrudishia mtu nguvu baada ya kazi: akili kuachana kabisa na kazi, kutulia, kujifunza au kumudu kitu kipya, na kuwa na uamuzi juu ya muda wako. Hilo la mwisho wengi hatulihesabu. Kuna mtu anachohitaji sio kupumzika, anahitaji saa moja ambayo hakuna anayemuamulia, hata akiitumia kufagia. Ukiona umejaribu vya kutulia vyote na alama hazishuki, jiulize labda unachokosa ni moja ya hayo mengine matatu.

Hatua ya 6: viweke kwenye siku yako kabla hujavihitaji

Chukua vile vilivyofaulu uvigawe kwa muda. Vya dakika mbili, vya dakika ishirini, na vya nusu siku. Viandike mahali unapopaona, kwa sababu ukiwa umebanwa akili haitakuletea hivyo, itakuletea ile ya haraka iliyozoeleka.

Cha dakika mbili kifunge na kitu unachofanya tayari kila siku, ukishazima kompyuta, ukishafunga mlango, ukishapiga mswaki. Cha dakika ishirini kiweke kwenye ile saa inayojirudia uliyoiona hatua ya kwanza, au bora zaidi nusu saa kabla yake. Kama kila jioni saa moja unalipuka na watoto, basi utulivu wako unatakiwa uwe saa kumi na mbili na nusu, hata kama ni dakika kumi umekaa nje kabla ya kuingia ndani. Waambie unaoishi nao, "nikifika nipeni dakika kumi", wengi watakupa wakijua sababu, na wewe ukaona wenzako nao wanahitaji za kwao wape.

Wenye watoto wadogo au mgonjwa wa kuuguza nusu siku ni ndoto, najua, msijilaumu. Kwenu hivi vya dakika mbili vikifanywa mara nyingi ndo vinabeba, na kama kuna mtu amewahi kusema "nikusaidie nini", mwambie siku na saa kamili ya kuja kukaa badala yako, usimjibu "usijali".

Vitu pia vinachoka. Kilichokufaa mwaka jana wakati wa mitihani kinaweza kisikufae wakati wa msiba. Ukiona alama zimeacha kushuka rudi hatua ya nne uchukue kingine, haimaanishi umerudi nyuma.

Hatua ya 7: jua mwisho wa uwezo wa njia hizi

Maumivu ya kifua yanayobana, hasa yakienda mkononi, mgongoni au kwenye taya, au pumzi kukata pamoja na jasho la baridi, nenda hospitali saa hiyohiyo, usikae kujaribu pumzi wala usijiambie ni stresi tu.

Kama kwa wiki mbili au zaidi karibu kila siku huna hamu na kitu chochote, usingizi au hamu ya kula imeharibika, kazi imeshindikana, au unahitaji pombe au vidonge ili siku iishe, muone daktari au mshauri wa saikolojia. Na kama mawazo ya kutaka kufa au kujiumiza yanakuja, mwambie mtu leo, yeyote unayemuamini, mwambie kwa maneno ya wazi kabisa bila kuzunguka, usikae peke yako, na fika sehemu ya huduma ya dharura iliyo karibu nawe. Kuna matibabu na watu wanapona.

Ukienda kwa daktari beba yale maandishi yako. Badala ya kusema "nina mawazo mengi" utamwambia ilianza lini, unalala saa ngapi, inakupiga sehemu gani ya mwili, umejaribu nini na kipi kilisaidia kidogo, atakuelewa haraka zaidi. Mtajie pia kila unachotumia, dawa za usingizi, za mitishamba, virutubisho, kwa sababu vingine vinagongana na dawa atakazokuandikia. Na ukianza matibabu usiache zile njia mbili tatu ulizozipata, endelea nazo pamoja na dawa, isipokuwa yeye akikwambia kuna moja ya kusimamisha.